Utamu wa Misri na Pishi ya Kila Siku

Somo: Hesabu 11:4–10, Kutoka 16:16–20

Wapendwa katika Bwana,

Wiki hii nawaletea jambo ambalo halitajwi sana tunapozungumzia majaribu na ushindi, kwa sababu linaonekana dogo: sukari. Tunawaombea wanaotaka kuacha pombe, tunawaonya vijana juu ya sigara, kisha tunaketi pamoja na kunywa soda ya pili bila yeyote kati yetu kujiuliza kama bado anaweza kumaliza siku nzima bila kitu kitamu. Sisemi haya kumwaibisha mtu. Nayasema kwa sababu wako ndugu na dada wanaopambana na jambo hili peke yao, kimya kimya, wakidhani ni udhaifu usiostahili hata kuombewa. Unastahili.

Kwanza tuelewane: Biblia haiuchukii utamu. Mungu ndiye aliyeuumba ulimi unaoutambua, na nchi aliyowaahidi watu wake aliieleza kwa maziwa na asali. Yonathani alipokuwa hoi vitani alichovya ncha ya fimbo katika sega la asali, akala, na macho yake yakatiwa nuru. Mithali 24:13 inamwambia mwana ale asali kwa maana ni njema. Sura inayofuata ndiyo inayoweka mpaka: "Je! Umeona asali? Kula kiasi kikutoshacho. Usije ukashiba na kuitapika." Anayetufundisha kwamba kila kitu kitamu ni mtego wa Shetani anamvunjia heshima Muumba. Nasi tulioishika sura ya 24 na kuiruka ya 25 tunaujua mwisho wake: asubuhi chai yenye vijiko vinne, mchana soda, jioni biskuti, na usiku mwili uliochoka usiojua umechoshwa na nini.

Sasa twende jangwani. Katika Hesabu 11 watu waliokombolewa kutoka utumwani wanalia, kila mtu mlangoni pa hema yake, kwa sababu ya chakula. Wanawakumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu. Na wanasema waliwala wale samaki bure. Bure! Hawa ni watu ambao watoto wao wa kiume walikuwa wakitupwa mtoni, watu waliopigwa na wasimamizi kwa sababu ya matofali. Hakuna walichokula Misri ambacho hawakukilipia kwa migongo yao. Lakini tamaa ilipowashika, kumbukumbu ya mjeledi ilitoweka, ikabaki ladha ya samaki.

Nimeutafakari mstari huu kwa muda mrefu, na naamini humo ndimo siri ya tabia nyingi zinazotufunga. Tamaa hukwambia kweli kuhusu utamu na uongo kuhusu gharama. Samaki wa Misri walikuwa watamu kweli. Soda baridi wakati wa joto ni tamu kweli, na hakuna sababu ya kujifanya kwamba si hivyo. Uongo uko pale unapoambiwa kwamba hulipi chochote. Unalipa kwa meno, maana bakteria walio kinywani hula ile sukari na kutoa asidi inayomomonyoa jino. Unalipa kwa uzito unaopanda, na kwa wengi uzito huo huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili. Unalipa kwa usingizi wa mchana na hasira za jioni, na wanaokaa nawe nyumbani wanalipa pamoja nawe.

Hata historia ya sukari yenyewe inashuhudia jambo hili. Kwa karne kadhaa sukari iliyotiwa kwenye chai za Ulaya ililimwa na Waafrika waliotiwa utumwani katika visiwa vya Karibi. Mwaka 1791, Bunge la Uingereza lilipokataa mswada wa kukomesha biashara ya watumwa, watu wengi sana nchini humo, wakiwemo waumini wengi, waliamua kuacha kununua sukari ya visiwa hivyo. Walikunywa chai chungu kwa ajili ya jirani ambaye hawakuwahi kumwona. Nawakumbusha hao kwa sababu sisi huona kuacha sukari kama jambo la umbo na kioo. Wao walikataa kitu kitamu kwa upendo, na upendo ulikuwa na nguvu ya kuwashikilia kwa muda mrefu.

Turudi jangwani, kwenye mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia Waisraeli. Kutoka 16:31 inasema ladha yake ilikuwa kama ya maandazi membamba yaliyoandaliwa kwa asali. Mana ilikuwa tamu! Hawa waliolia kwa kukosa ladha walikuwa wakila kila siku kitu chenye utamu wa asali, ila ulimi ulioshikwa na Misri haukuweza tena kuusikia.

Ndivyo miili yetu ilivyo. Ulimi uliozoea sukari nyingi hupima kila kitu kwa kipimo hicho, kwa hiyo karoti inakuwa haina ladha, maziwa yanakuwa maji, na tunda lililoiva linaonekana halijaiva vya kutosha. Habari njema ni kwamba ulimi hufundishika upya. Chembe za kuonja hufa na kuzaliwa nyingine kila baada ya siku kumi hivi, na mtu anayepunguza sukari kwa wiki kadhaa huanza kuona kwamba vyakula alivyovidharau vina utamu, na kwamba vile alivyovipenda sasa vimezidi. Mithali 27:7 ilikwisha kusema kwamba aliyeshiba hulidharau hata sega la asali, na mwenye njaa huona hata kichungu kuwa kitamu. Tunaogopa kwamba tukiacha tutaishi bila utamu. Kumbe kinachotunyima utamu ni kushiba kwetu.

Ni vizuri pia kujua tunapambana na nini, maana wengi hujilaumu kwa mambo ambayo ni ya mwili tu. Sukari iliyo katika kinywaji huingia kwenye damu haraka kwa kuwa haina nyuzinyuzi za kuichelewesha. Mwili hutoa insulini kuishusha, na kwa watu wengi njaa hurudi mapema kuliko kama wangekula chakula kamili. Ubongo nao hufurahia utamu, na hujifunza kuusubiri saa ile ile, mahali pale pale, katika hali ile ile ya moyo. Ndiyo maana saa kumi alasiri ikifika mkono unanyooka wenyewe, hata kama tumbo limejaa. Hapo si njaa inayosema. Ni saa.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari isizidi asilimia 10 ya nishati yote tunayopata kwa siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kungeleta faida zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko vidogo sita. Chupa au kopo la soda la mililita 330 lina kama gramu 35. Kopo moja tu, na kiasi cha siku kimekwisha pita. Na hesabu hiyo haihusu sukari nyeupe peke yake. Inaingiza asali, sharubati na juisi ya matunda. Najua wapo wapendwa wanaodhani asali haina hesabu kwa sababu imetajwa katika Maandiko. Mwili wako hauulizi sukari imetoka aya gani. Tunda zima, hata hivyo, halimo katika hesabu hiyo, kwa hiyo chungwa ulile kwa amani. Ni juisi ya machungwa manne katika glasi moja ndiyo unayopaswa kuifikiria.

Lakini namba pekee hazitufungui, na sheria pekee hazitufungui pia. Paulo aliwaandikia Wakolosai juu ya amri za "msishike, msionje, msiguse", akasema zina sura ya hekima lakini hazifai kitu katika kuzizuia tamaa za mwili. Wengi wetu tumeiona kweli hiyo. Mtu anatangaza kwamba kuanzia Jumatatu hatagusa sukari maisha yake yote, na kufikia Ijumaa anakula kwa kujificha. Kujificha huko ndiko kunakomuumiza zaidi kuliko keki yenyewe, kwa sababu sasa amejiona mnafiki na haombi tena juu ya jambo hilo.

Mungu jangwani alifundisha kwa njia nyingine. Alitoa pishi moja ya mana kwa kila mtu, ya siku moja. Aliyeweka akiba ya kesho aliikuta imeingia mabuu na kunuka. Naona hapa rehema kubwa kwa mtu anayetaka kuacha tabia: hukuombwa nguvu ya mwaka mzima. Umepewa ya leo, na leo ina kiasi chake. Anayeniuliza kama anaweza kuishi bila sukari hadi kufa, simjibu. Namuuliza habari za chai ya kesho asubuhi.

Basi tuiongelee hiyo chai. Ukiwa umezoea vijiko vinne, kaa kwenye vitatu mpaka ulimi ukubali, kisha viwili. Anza na vinywaji kabla ya vyakula, kwa sababu huko ndiko sukari nyingi inakoingia bila kushibisha. Ukiacha ghafla soda zenye kafeini, unaweza kuumwa kichwa kwa siku kadhaa. Wengi hudhani ni mwili unaodai sukari, kumbe mara nyingi ni kafeini, na hupita. Soma maandishi ya pakiti: viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, na sukari hujificha kwa majina kama glukosi, fruktosi, maltosi na sharubati ya mahindi. Utaikuta kwenye mtindi wenye ladha, kwenye mchuzi wa nyanya wa chupa, hata kwenye mkate. Kuhusu vile vidonge na unga wa kutia utamu badala ya sukari, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Mimi pia naona vinauacha ulimi pale pale Misri.

Usiondoe tu, jaza. Isaya anauliza swali ambalo kila mmoja wetu angelibeba anapokwenda kununua chakula: "Kwani kutoa fedha kwa ajili ya kitu ambacho si chakula, na mapato yenu kwa kitu kisichoshibisha?" Mtu aliyekunywa chai na biskuti asubuhi atashindwa saa nne, na hilo si suala la imani yake kuwa ndogo. Mpe mwili mayai, maharage, karanga, mboga za majani, nafaka isiyokobolewa, na maji, uone jinsi tamaa inavyopungua kelele. Na ulale. Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, Bwana hakuanza na mahubiri; malaika alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena. Usingizi mchache huongeza hamu ya kula, hasa vitu vitamu na vyenye mafuta. Esau naye aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza alipotoka nyikani akiwa amechoka. Maamuzi ya chakula tusiyafanye tukiwa katika hali ya Esau, tukiweza.

Hapa nasema na wenye kisukari: ikiwa unatumia insulini au dawa za kushusha sukari, usibadilishe ulaji wako kabla ya kuongea na daktari wako, kwa maana sukari inaweza kushuka hadi mahali pa hatari, na wakati huo kitu kitamu ndicho kinachookoa maisha. Na wewe uliyewahi kujinyima chakula mpaka ukaugua, usichukue somo hili kama amri ya kuanza tena. Tafuta mtu wa kutembea naye.

Nyumbani mwetu tuwaangalie watoto. Tunapomnyamazisha mtoto kwa pipi na kumpongeza kwa keki, tunamfundisha kwamba faraja ina sukari ndani. Mtoto anaweza kupongezwa kwa kukumbatiwa, kwa hadithi, kwa muda wako. Katika mikutano yetu pia maji yawepo mezani, na sukari iwekwe pembeni kila mtu ajipimie. Ila asiwepo wa kuhesabu vijiko vya mwenzake. "Yeye alaye asimdharau yeye asiyekula, wala yeye asiyekula asimhukumu yeye alaye" (Warumi 14:3).

Na ukianguka Jumatano? Mana ilishuka asubuhi iliyofuata hata kwa wale walioweka akiba wakaasi. Musa alikasirika, lakini Mungu hakuifunga mbingu. Alhamisi chukua pishi yako.

Tuombe.

Baba yetu, uliyetuumba tukiujua utamu, tunakushukuru kwa matunda, kwa maziwa, kwa asali na kwa kila chakula chema. Umwone anayesoma haya huku amekata tamaa kwa kuwa amejaribu akashindwa. Umkumbushe ulikomtoa. Uwape hekima madaktari wanaowahudumia wagonjwa wetu wa kisukari, na uvumilivu wale wanaowapikia. Utupe leo riziki yetu ya leo, na ulimi wa kuionja. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.