Timu ya chuo iliyopigwa mechi 49 mfululizo

Wakuu habari za jioni. Hii stori pale kijiweni Kirumba wameshanichoka nayo kwa hiyo naileta huku. Kule Kanada kuna Chuo Kikuu cha Toronto, timu zao zote za michezo zinaitwa Varsity Blues, jezi bluu na nyeupe, sasa ile timu yao ya mpira wa yai, ule wa kuvaa helmeti na mabega ya kuvimba, ilipigwa mechi 49 mfululizo. Arobaini na tisa! Kuanzia 2001 mpaka 2008, hakuna hata sare ya kujifutia machozi hapo katikati, yaani mtu anaingia mwaka wa kwanza, anacheza miaka yote, anavaa joho anarudi kwao hajui ushindi unafananaje. Ni rekodi ya vyuo vyote vya Kanada na hakuna anayeitamani.

Utasema basi hicho ni chuo cha uchochoroni. Thubutu. Hao hao ndo walibeba Grey Cup ya kwanza kabisa, lile kombe kubwa la mpira huo kule Kanada, mwaka 1909, walichapa timu ya Parkdale 26 kwa 6. Kombe lilikuwa la gavana mkuu wa Kanada wakati huo, Earl Grey, na kichekesho ni kwamba siku ya fainali kombe lenyewe lilikuwa halijawa tayari, wameshinda wameondoka mikono mitupu, wakaja kuletewa mwaka uliofuata. Halafu kulikuwa na jamaa yao mmoja Hugh Gall, siku hiyo alipata pointi nane kwa teke tu, maana kwenye sheria za Kanada ukiupiga mpira ukaingia eneo la mwisho la wapinzani na wao wakashindwa kuutoa unapewa pointi moja. Wamarekani kwenye mpira wao hawana kitu kama hicho. Toronto wakabeba tena 1910, 1911 na 1920, na wenzao wa Queen's, chuo kingine pale mji wa Kingston, wakabeba 1922, 1923 na 1924. Siku hizi Grey Cup ni ya timu za kulipwa, vyuo vina kombe lao Vanier Cup tangu 1965, na la kwanza nalo lilienda Toronto.

Hoki ya barafuni ndo usiseme. Olimpiki ya 1928 kule St. Moritz Uswisi, Kanada iliwakilishwa na timu ya wahitimu wa chuo hichohicho, wakampiga Sweden 11, Uingereza 14, wenyeji Uswisi 13, wao hawakufungwa hata goli moja.

Kwa hiyo ukiwa na ukoo wa namna hiyo halafu ukapigwa 49, hapo ndo mimi niliposhikwa. Mtu wa Mwanza habari ya kusubiri huhitaji kumfundisha, Pamba yetu, TP Lindanda wana Kawekamo, ilishuka daraja watu wakasubiri zaidi ya miaka 20 mpaka 2024 ndo ikarudi ligi kuu, kuna watoto wamezaliwa, wamekua, wamemaliza chuo, wanaijua Pamba kwa kuhadithiwa na baba zao tu. Ila sisi tulikuwa tunashinda shinda huko chini. Wale walikuwa hawashindi kabisa na kila mwisho wa Agosti wanavaa jezi wanaingia uwanjani.

Mzee mmoja pale kijiweni aliniuliza, "Mwalimu, sasa hiyo timu si wangeivunja tu?" Ndo hawakuivunja. Septemba 2008 wakakutana na Chuo Kikuu cha Waterloo wakashinda 18 kwa 17, pointi moja, basi mkosi ukaishia hapo.

Na kinachonikuna sio hata ushindi wenyewe, ni kwamba vipigo vyote 49 vimeandikwa. Ukitaka kujua mechi ya wiki fulani mwaka fulani walipigwa ngapi na nani, inapatikana. Sasa njoo kwenye chuo nilichosoma mimi, jina naliweka kapuni. Tulikuwa na timu ya kikapu nzuri tu, tulikuwa tunashuka uwanja wa Mirongo tunacheza na watu wazima na tunawasumbua. Makombe yalikaa juu ya kabati la mafaili kwenye ofisi moja, moja lina mkono uliokatika umefungwa na selotepu, lingine limegeuzwa la kuwekea kalamu. Halina mwaka, halina jina la mashindano. Nilipopita tena baadaye ofisi ilikuwa imehamishwa, nikauliza makombe, dada wa ofisini akaniangalia kama namdai. Ukimuuliza kijana anayecheza pale leo nani alikuwa kapteni miaka kumi iliyopita hajui, na sio kosa lake, atajulia wapi.

Ila msije mkadhani kule kila kitu ni peponi. Kuna huyu mama Abby Hoffman. Akiwa na miaka tisa hivi alikata nywele akajiandikisha kwenye ligi ya hoki ya wavulana kwa jina la Ab, akacheza vizuri tu mpaka ilipokuja kugundulika kuwa ni binti, ikawa habari ya magazetini. Akakua, akaingia Chuo Kikuu cha Toronto, mkimbiaji wa mita 800 wa kiwango cha Olimpiki, halafu akatolewa kwenye treki ya ndani ya Hart House, jengo la chuo chake mwenyewe, kwa sababu jengo lile lilikuwa la wanaume tu. Wanawake walikuja kuruhusiwa 1972! Yeye kufikia hapo alikuwa ameshakimbia Olimpiki ya 1964 na ya 1968. Aisee, dada zetu wanaoambiwa uwanja una wenyewe, someni hapo. Mwaka 1976 Olimpiki ikafanyika Montreal, na aliyebeba bendera ya Kanada kwenye ufunguzi ni huyohuyo.

Hiyo 1976 na sisi inatuhusu kidogo. Ndo ile nchi nyingi za Afrika zilisusa kwa sababu ya New Zealand kwenda kucheza raga Afrika Kusini ya makaburu, Filbert Bayi wetu akabaki bila kukimbia na John Walker wa New Zealand akaondoka na dhahabu ya mita 1500. Sasa baadhi ya mechi za soka za Olimpiki ile zilipigwa Varsity Stadium, uwanja wa chuo hichohicho cha Toronto, na Ghana, Nigeria na Zambia zilikuwa zimefuzu soka zikajitoa. Uwanja wa zamani walikuja kuuvunja 2002, wakajenga mpya mdogo wa watu 5,000 palepale.

Kitu kingine ni kuogelea. Toronto iko kando ya ziwa kama sisi, Ziwa Ontario, japo kwa Victoria yetu lile ni dogo sana, na maji yake yana baridi hata usifikirie. Pale chuoni ndo aliogelea Kylie Masse, 2017 akawa bingwa wa dunia mita 100 kwa mgongo na rekodi ya dunia sekunde 58.10. Huku watoto wa Igombe na Kayenze wanaogelea kabla hawajajua kusoma, wanavuta mtumbwi, wanapiga mbizi, na hakuna mtu hata mmoja amewahi kusimama pale na saa ya kuhesabu sekunde. Nisiseme sana kwenye hilo.

Kuhusu hela, kule Kanada skolashipu ya michezo kwa kawaida inaishia kwenye ada, sio kama Marekani unalipiwa mpaka chumba na chakula, na mchezaji anaruhusiwa miaka mitano tu basi. Ndo maana wengi wanaosaka hela wanavuka mpaka.

Sasa mwenye picha, ratiba au hata karatasi ya matokeo ya timu yoyote ya chuo hapa Mwanza, kikapu, netiboli, soka, mwaka wowote, nitumie inboksi. Nimeshafungua faili kwenye kompyuta, mpaka sasa lina picha mbili na moja haionekani sura. Mliofungwa pia mtume, msione aibu.