Akaunti ya nani

Tangu Jumanne najibizana na bibi ambaye hata hayupo. Nikiendesha gari, namjibu. Nikikosha vyombo, namjibu. Jana baba watoto kaniuliza nazungumza na nani, nikamwambia naimba.

Ni yule Madamu wangu wa kondoo, mmoja wa wazee ninaowahudumia majumbani mwao, mnamjua, nyumba ya mwisho kabla barabara haijaingia msituni, aliyenisema siku ya kwanza kwa sababu nilikunja vitambaa vya meza vibaya. Nilikuwa namkatia karoti. Yeye anakunywa supu ya jana pembeni ya jiko, amesimama, bakuli kaliinua hadi kifuani, na nyuma yake meza ya watu kumi na wawili haina mtu. Zamani wanaume walikaa, yeye akawapakulia, akala mwisho akiwa wima. Wanaume wameshakufa wote na bado hakai. Mimi nilishaacha kumsogezea kiti.

Bila kuniangalia akauliza, "Mshahara wako, binti, unaingia akaunti ya nani?"

"Yangu, Madamu."

"Vizuri."

Basi. Akarudi kwenye supu yake.

Uongo mtupu. Mshahara wangu unaingia akaunti ya pamoja, ileile aliyoifungua baba watoto mwaka niliofika huku Aveyron, kusini mwa Ufaransa, sina karatasi wala neno la Kifaransa zaidi ya salamu. Si mtu mbaya, mnamfahamu, hajawahi kuninyima. Ila namuuliza. Miaka kumi na moja, kabla sijanunua viatu: "Kuna hela?" Na ananijibu kwa upole, upole wenyewe ndio unaonichoma.

Ile "vizuri" ilikuwa ya namna gani? Ya kunifurahia, au ya mtu aliyekushika mkono ndani ya chungu? Nimeijaribu kwa sauti zote. Na ningesema "yetu", angenyamaza vilevile?

Maana yeye ana haki ya kuuliza. Aliolewa 1961, akaingia nyumba ya wakwe. Funguo za kabati alikuwa nazo mama mkwe, na sukari ilihesabiwa. Siku hizo sheria ya Ufaransa ilimpa mume uwezo wa kumzuia mkewe asifanye kazi, na akaunti ya benki ya mke ilipitia ruhusa yake. Hayo yalibadilishwa na sheria ya tarehe 13 Julai 1965, lakini sheria haikupanda vilima hivi mbio. Madamu aliishi kwa hela ya mayai na sungura, akafungua akaunti 1978, mama mkwe alipokwisha kuzikwa. Mumewe alimsubiri nje ya benki, ndani ya gari, injini inanguruma.

Sasa hebu nisikilizeni. Miaka hiyohiyo bibi yangu, Pangani, alikuwa na minazi kumi na minne ya kwake, aliyorithi kwa baba yake. Babu akitaka nazi za kuuza, alikuwa akiomba. Mama naye hela ya vitumbua aliifunga pindoni mwa kanga na hakuna aliyethubutu kuuliza ni ngapi. Sisemi kwetu ni peponi. Bibi huyohuyo hakutoka bila kuaga, na kaka yake alirithi mara mbili yake. Lakini minazi ilikuwa yake! Mimi na sheria zote za huku, pindo langu la kanga halina hata shilingi.

(Wiki hii mjukuu wa Madamu amesaini kwa notari, yule mwanasheria wa hati za mali, shamba lote na kondoo wa maziwa ya jibini la Roquefort sasa ni vyake, ana watoto wawili, ndoa hana, na bwana wake anafundisha mjini, kukamua hajui. Madamu hakuligusia hata neno.)

Ijumaa nikashindwa. Nimepiga magoti namvalisha zile soksi za kubana miguu, nikasema, "Madamu, ile akaunti si yangu peke yangu."

"Akaunti gani?"

Alikuwa kasahau. Siku tatu zangu zote! Nikaanza kumweleza upya huku nimeshika kisigino chake, naye akanikata, "Unajua hela yangu ya kwanza benki nilinunulia nini? Mwavuli. Mwekundu. Nikauacha kwenye basi siku hiyohiyo." Mumewe hakuambiwa mpaka amekufa. Akacheka hadi akashika ukingo wa meza, nami nikacheka palepale sakafuni, soksi moja imevaliwa, moja iko begani kwangu.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Baba watoto sijamwambia kitu bado.

Ila tangu jana taa ya injini inawaka, ile ya rangi ya chungwa. Nikipanda kilima inazimika, nikishuka inawaka. Fundi kafunga hadi Jumatano, na kesho saa moja asubuhi mzee wangu wa kwanza yuko kilomita 18 kutoka hapa.