Siku moja kwenye chumba cha tiba ya kumeza

Saa 1:30 asubuhi. Kwanza simu: mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaokaza na kutetemesha mwili) amekunywa levodopa, dawa yake, saa ngapi? Namtaka dawa ikiwa imeshika. Akija imeisha nguvu, ulimi mzito, mazoezi hayaendi.

Saa 2:30. Ana pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo), au kifaa cha umeme kilichopandikizwa ubongoni kutuliza kutetemeka? Basi mashine ya kusisimua misuli ya kumeza kwa umeme haiwashwi. Asiye navyo, ngozi hufutwa kwa spiriti ikakauka, ndevu zikanyolewa. Elektrodi, kibandiko kinachopitisha umeme, isiposhika vizuri, mkondo hupita kwenye kieneo kidogo na kuchoma. Mgonjwa atasema basi kabla misuli haijashtuka.

Elektrodi mbili nazibandika chini ya kidevu. Ubavuni mwa shingo, panapodunda mshipa, hapaguswi: mapigo ya moyo na presha vinaweza kushuka. Wengine hubandika pia chini ya zoloto, kisanduku cha sauti. Mimi siipendi, maana mkondo wa hapo huuvuta chini mfupa wa hyoidi, ule mdogo ulio juu ya zoloto, na anayemeza anautaka uende juu.

Mipangilio iliyozoeleka ni hezi 80 (mipigo 80 kwa sekunde), kila mpigo wa mikrosekunde 700. Naanzia sifuri, napandisha polepole: mwanzo mwasho, kisha kama koo linabanwa. Miliampia 25 ndiyo mwisho wa mashine, si lengo.

Saa 3:00. Mkondo ukiwaka, anameza kwa nguvu, tena na tena. Kukaa tu na waya shingoni ni kupoteza nauli. Familia naiambia wazi: katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2012, wagonjwa wa Parkinson waliopata tiba ya kawaida pekee walipata nafuu pia, na walioongezewa umeme hawakuwazidi kwa maana. Kila akimeza, aseme "aaa". Sauti ikitoka na majimaji, kuna kitu kimebaki juu ya nyuzi za sauti, tunasimama.

Saa 5:00. Mgonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli. Umeme simwekei: misuli inayopoteza neva haihitaji kuchoshwa zaidi. Tunazungumzia mrija wa kulishia tumboni mapema, kabla uwezo wa mapafu haujashuka chini ya asilimia 50.

Saa 6:30. Napima uzito wa uji. Sirinji ya mililita 10, sekunde 10 za kuchuruzika: zikibaki mililita 4 hadi 8, ni daraja namba 2 la uzito kwenye kipimo cha kimataifa cha IDDSI. Kikombe kilichokwishanywewa hakipimwi, mate hulainisha wanga.

Saa 8:00 mchana. Mwenye kifaa cha ubongoni, usemi umekuwa wa kuburuza. Anarudia "pa-ta-ka" huku daktari wa neva akipunguza mkondo. Matamshi yakinyooka mara moja, umeme ulikuwa unavuka hadi nyuzi za neva za jirani. Kutetemeka nako kukirudi, wanaanza kujadiliana.