Ratiba ya vipindi na kilima ambacho kompyuta haikukiona

Muhula uliopita mratibu wa ratiba wa chuo kimoja hapa Dodoma aliniomba nimsaidie kupanga vipindi kwa programu ya kompyuta, maana alikuwa amechoka kuhamisha visanduku vya Excel hadi usiku wa manane. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo huidhania ni ya kujaza nafasi tu. Kumbe kozi 10 peke yake, zikipangwa katika vipindi 50 vya wiki, zina namna zaidi ya trilioni 97,000 za kukaa, na hapo vyumba bado havijaguswa.

Mwaka 1967 watafiti Welsh na Powell walieleza njia ambayo hadi leo naipenda: kila kozi huchorwa kama nukta, kozi mbili zenye mwanafunzi hata mmoja wa pamoja huunganishwa kwa mstari, kisha nukta hupakwa rangi, kuanzia ile yenye mistari mingi zaidi, ili zilizounganishwa zisipate rangi moja. Rangi ndiyo kipindi. Migongano ikaisha kwa sekunde chache.

Kilichobaki ni kuiboresha ratiba, nami nikatumia mbinu iliyotangazwa mwaka 1983, inayoiga metali ya moto inavyopozwa polepole: mwanzoni programu hukubali hata badiliko linaloiharibu ratiba, isije ikanasa kwenye jawabu la kuridhisha tu, kisha huzidi kuwa kali. Kila kasoro ina alama zake za adhabu, na programu husaka ratiba yenye jumla ndogo ya alama hizo.

Mratibu alipoitazama rasimu, aliweka kidole kwenye Jumanne. Wanafunzi wa ualimu walikuwa wanamaliza kipindi saa 6:00 mchana, na saa 6:00 hiyo hiyo wanaanza kingine katika ukumbi ulio ng'ambo ya kilima.

“Mwanangu, hawa wataruka na upepo?”

Niliingiza ukubwa wa kila ukumbi, umbali sikuuingiza, na kwa algorithimu, yaani hatua ambazo programu huzifuata, kisichoandikwa hakipo. Tukaongeza adhabu ya umbali, kisha tukabishana kuhusu uzito wake: kutembea juani dakika 25 ni kubaya kuliko mhadhara wa saa 1:00 asubuhi kwa mwanafunzi anayesubiri daladala Nkuhungu? Hesabu haisemi. Mimi niliandika 2, yeye 5. Tumebaki na 5 yake, kwa kuwa mlango utakaogongwa na wenye malalamiko ni wake.