Kadi kwenye pindo la khanga

Jana daladala ilipoingia Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwanangu akauliza kwa sauti: "Huyu ni bibi yake nani?" Abiria wakacheka. Mimi mawazo yakanipeleka kwa Bibi wa Gerezani, mtaa wa hapa Dar es Salaam, alasiri ile ya Ramadhani alipotufungulia sanduku lake.

Mengine ya siku ile yamenitoka. Mikono yake bado naiona. Aliikunja kadi ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mara mbili, akaiweka kwenye pindo la khanga, akaviringisha, akapiga fundo dogo na kulichomeka kiunoni. "Si kifuani. Jasho linaozesha karatasi, na mtoto akinyonya analivuta fundo." Aliyefua akasahau kulifungua alibaki na uji wa karatasi, na kadi nyingine ni pesa nyingine.

Kazi yenyewe ya kuwauzia wanawake kadi za TANU ilikuwa na utaratibu. Mwaka 1955 Bibi Titi, mwimbaji wa Bomba, aliwaendea kwanza wakuu wa vikundi vya ngoma: Bomba, Egyptian, Al-Watan na vinginevyo. Kikundi kilishakuwa na kiongozi, mshika fedha, sare na mazoea ya kuchanga. Ukimpata kiongozi umewapata wote. Ukimruka, hata shoga yako hanunui kadi, maana atakuwa amemvunjia heshima mkubwa wake. Na uende jioni watu wameshapakua. Mchana kila mmoja yuko na mwiko wake.

Wanaume je? Waraka wa serikali wa 1953 uliwakataza watumishi wake kuingia kwenye siasa. Karani akionwa na kadi, kibarua kimeota nyasi. Mpika pombe au muuza maandazi nani amfukuze? Ndiyo maana wanaume wengine walinunuliwa kadi na wake zao, na wake wengine wakawaficha waume za kwao. Bibi alicheka sana hapo: "Nyumba moja, kadi mbili, kila mtu anamficha mwenzie!"

Nikamuuliza mbona baada ya Uhuru hakutafuta cheo. Vyeo vilitaka cheti cha shule, akasema, na yeye alisoma chuoni kwa maalim tu. Bibi Titi alifika mpaka unaibu waziri. Nilipomtajia 1969, mwaka aliokamatwa kwa uhaini, Bibi wa Gerezani alitazama saa ya ukutani, akauliza kama kuna mtu ameshabandika uji wa futari.