Ngome na askari mmoja: vile nilivyoacha kubahatisha

Niseme ukweli kwanza, mafumbo ya chesi ya malkia na farasi nilikuwa nayatafuna kama njugu, ila likija la ngome na askari wawili watatu ubaoni nabonyeza tu hatua ya kwanza inayonijia, linakataa, nabonyeza nyengine, linakataa, nafunga simu. Nilikuwa najiambia hizo ni za wazee wasio na haraka.

Kilichonizindua ni aibu. Kuna kijiwe Mwembe Tayari, Mombasa, watu hucheza chesi jioni, siku hiyo nina ngome na askari, mwenzangu ngome tupu. Mfalme wangu g8 (herufi ni safu ya kwenda juu, namba ni mstari wa kulala), askari wangu g7 anabisha hodi, hatua moja tu ageuke malkia, ngome yangu f1. Yeye mfalme e7, ngome h2. Nikasema hii imeisha, nishaanza hata kuangalia nani anadaiwa kahawa. Nikapiga cheki, yaani nikamtisha mfalme wake, kwa ngome e1, akasogea d7, nikamtoa mfalme f7 mbio mbio, akanicheki f2, nikaenda g6, cheki g2, h6, cheki h2, narudi g6, cheki tena, yaani tulizunguka mpaka mzee mmoja pembeni akasema, "Kijana, huyo mfalme wako ana nyumba ila hana mlango." Droo. Nililipa kahawa mimi.

Usiku huo nikajua kumbe hali ile ina jina, wanaiita Lucena, na dawa yake inaitwa kujenga daraja. Mimi mtu wa Likoni, navuka feri asubuhi na jioni, daraja tunalolijua ni la kuahidiwa na lile la kuelea la Liwatoni la wakati wa korona, kwa hivyo nilicheka peke yangu. Lakini angalia linavyojengwa: baada ya ile cheki ya e1 na mfalme wake kwenda d7, hutoki bado, unaipeleka ngome e4 kwanza. Hatua ya kipuuzi kabisa ukiitazama, haigusi chochote. Yeye anangoja, ngome yake h1. Sasa ndo unatoka f7, cheki f1, g6, cheki g1, f6, cheki f1, g5, cheki g1, na hapo ngome yako inateleza e4 mpaka g4, inakaa katikati, cheki zimekwisha na askari anaingia. Ile hatua ya kipuuzi ndo ilikuwa nguzo ya daraja.

Basi nikabadilisha mtindo. Lichess, ile tovuti ya chesi, wanakuruhusu uchague mafumbo kwa aina, nikachagua ya mwisho wa ngome peke yake, nikawa nafanya matano tu kwa siku pale kwenye foleni ya feri (ukiwa na kikapu na jua lile matano ni mengi, wallahi). Sheria yangu ilikuwa moja, nikikosea siangalii jibu. Nalibeba mpaka nyumbani nalipanga kwenye bodi ya kweli, yetu ya plastiki, askari mmoja alipotea zamani tunatumia kifuniko cha soda. Mdogo wangu anachukua upande wa kushinda, mimi nakaa upande unaoteswa.

Hapo ndo nilijifunza zaidi kuliko mahali pengine popote, manake ukiwa unateswa unajua panapouma. Siku moja nahangaika na mfalme wangu kuukimbilia ule mstari wa askari, dogo ananitazama tu, "Kaka, mbona wasumbuka, hapo hupiti." Ngome yake imesimama mstari mmoja juu mpaka chini, mfalme wangu yuko ng'ambo kama mtu aliyekosa feri ya mwisho. Kumbe nusu ya mafumbo niliyokuwa nakosa jibu lake lilikuwa hilo hilo: usisukume askari, usipige cheki, mfungie njia mfalme wa mwenzako kwanza. Siku hizi likifunguka fumbo swali langu la kwanza ni wafalme wako wapi, askari baadaye.

Upande wa kujilinda nao nilikuwa hovyo, nikiona hatari naanza cheki za karibu, mfalme wa mwenzangu anaikaribia ngome yangu na kuifukuza. Philidor, Mfaransa aliyekuwa pia mtunzi wa muziki, alishaonyesha njia 1777: mfalme wako akae mbele ya askari, ngome ilinde mstari wa tatu kutoka kwako mfalme wake asipite, na ngoja. Akisukuma askari mpaka mstari huo, ngome yako ikimbie mwisho kabisa wa ubao uanze cheki za nyuma, hana tena pa kujificha. Kungoja ndo shida, mkono unawasha.

Kwa kuhakikisha natumia ule ubao wa uchambuzi wa Lichess, vipande vikiwa 7 au chini pamoja na wafalme inakwambia wazi ushindi au droo, hakuna kubishana.

Lililonifurahisha kuliko yote ni la Saavedra, mtawa Mhispania aliyeishi Glasgow. Siku hizi hupangwa hivi, nyeupe ianze: nyeupe mfalme b6 askari c6, nyeusi mfalme a1 ngome d5. Mwaka 1895 lilichapwa gazetini, askari akiwa tayari c7, kama droo, yeye ndo akauona ushindi. Mimi nilifika mpaka askari c7, na baada ya cheki kadhaa mfalme wangu c2, ngome nyeusi d4, nikafanya malkia bila kufikiri. Dogo akaweka ngome c4, cheki, nikaila, kumbe mfalme wake hana pa kwenda na hajachekiwa, droo! Jibu ni kufanya ngome badala ya malkia, inatishia mati (cheki isiyo na pa kutorokea) a8, nyeusi inalazimika a4, mfalme b3 anaigusa ngome na mati ya c1 inasubiri. Dogo alicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Sasa nikifanya kumi napata saba, nane. Yenye askari wa pembeni, a au h, bado yananitoa jasho, jana tu nimekosa mawili na yako mezani na kile kifuniko cha soda, tunangoja umeme urudi.