Mji alikozaliwa Tharia Topan

Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa hapa Mji Mkongwe. Nikizunguka na kishikwambi mlango kwa mlango, swali ni lile lile: nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti? Nyumba moja ya Malindi, ghorofa tatu, mlango wa nakshi na misumari ya shaba, alilala mzee mmoja tu. "Andika mmoja, mwanangu. Paka sijui kama mnawataka." Vyumba vya juu vyote kufuli.

Tangu hapo nimepata maradhi: kila mji nikiusikia nataka kujua una watu wangapi. Lakhpat nimeufikia kupitia Dispensari ya Zamani, lile jumba la roshani za mbao mkabala na bandari. Tharia Topan, aliyeanza kulijenga 1887, alizaliwa Lakhpat mwaka 1823, huko Kutch, pembe ya magharibi ya India. Alikuja Unguja angali kijana mdogo, akafanya kazi kwa kampuni ya Jairam Shivji, waliokuwa wakikusanya ushuru wa forodha kwa niaba ya Sultani. Mwenyewe hakuwahi kuliona jumba limekwisha. Alifariki 1891, nalo likamalizika 1894.

Nilichotaka kujua ni alikimbia nini kwao.

Lakhpat ilikuwa bandari, na ilikula kwa mto. Tawi la mto Indus lilikuwa likishuka jirani yake, majahazi yakiingia na kutoka, na mpunga ukilimwa kando. Wenyeji husimulia kuwa bandari ile ikiingiza kori laki moja kwa siku, kori ikiwa ndiyo sarafu ya Kutch. Husimulia tu, daftari sijaliona. Shida ilianza karne ya 18, watawala wa Sindh, nchi jirani, walipoyaziba maji huko juu na mashamba yakakauka. Hata hivyo mwaka 1801 Fateh Muhammad, aliyekuwa akiitawala Kutch wakati ule, aliuzungushia mji ukuta wa kilomita 7 hivi. Ukuta huo ungalipo mpaka leo.

Kisha likaja tetemeko la tarehe 16 Juni 1819. Ngome ya Sindri ilizama majini, na kaskazini yake ardhi ikanyanyuka ikafanya tuta refu la makumi ya kilomita, ambalo watu waliliita Allah Bund, yaani tuta la Mungu, kwa kuwa hakulijenga binadamu. Mto ukazidi kuhama. Biashara nayo ikafuata maji. Topan kazaliwa miaka minne baadaye, katika mji ambao riziki yake imeshaondoka. Sioni ajabu akapanda chombo.

Na watu? Sensa ya India ya 2001 ilikuta 463, na ya 2011 ikakuta 566. Kilomita 7 za ukuta, na ndani mnakaa watu ambao mimi na makarani wenzangu wawili watatu tungewamaliza bila kugombana na sheha. Wamo pia mahujaji wa Kisikh, wanaokwenda kuzuru gurdwara, nyumba yao ya ibada, iliyowekwa kwa kumbukumbu ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, lakini hao ni wapitaji.

Sensa ya India ya 2021 iliahirishwa, sasa imepangwa 2027. Kaka yangu anasema namba itapanda kwa sababu ya watalii. Mimi nasema mtalii halali Lakhpat, anapita tu. Tumewekeana dau la urojo.